Je, nchi zetu ni wateja tu wa teknolojia ya habari?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma uandishi wa habari, mwaka wa pili, hapa Mwanza. Juzi tulikuwa na mdahalo darasani. Upande wa pili walisema nchi zinazoendelea hazijawahi kubuni chochote katika teknolojia ya habari: redio, televisheni, video na kompyuta vyote vililetwa, nasi kazi yetu imekuwa kununua. Nilikosa la kujibu tukashindwa. Je, ni kweli? Kama si kweli, nani alibuni nini, na mbona habari zao hatuzisikii? Tena natafuta mada ya utafiti wangu wa mwisho, nitafurahi ukinielekeza.

JIBU: Marahaba. Wenzako walikuwa na nusu ya ukweli, ndiyo maana waliwaweza. Transista, kile kifaa kidogo kilichoifanya redio iwe ya kubeba mkononi, ilivumbuliwa Marekani mwaka 1947. Kaseti ndogo tuliyoizoea ilitolewa na Philips mwaka 1963. Ukirudi kwenye mdahalo ukadai kwamba vyombo hivyo tulivitengeneza sisi, utashindwa tena, na itakuwa haki yao.

Ila redio iliyo ndani ya boksi dukani bado haijawa chombo cha habari. Inakuwa hivyo siku mkulima wa kijijini anapomudu bei yake, akapata nguvu ya kuiendesha, akaelewa lugha inayotoka humo, na akawa na nafasi ya kuyafanyia kazi aliyoyasikia. Hayo manne hayakuja na redio kwenye meli. Yalitafutiwa majibu huku, na watu wengi ambao majina yao hayamo kwenye vitabu vya hataza, yaani vya haki za uvumbuzi. Wenzako walihesabu mashine. Wewe hesabu hayo mengine, mdahalo utageuka.

Nianzie Lusaka, Zambia, nchi ambayo enzi hizo iliitwa Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1941, katikati ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilifungua kituo kidogo cha redio ili kuwapa Waafrika habari za vita. Mkuu wa idara ya habari, Harry Franklin, alifika mahali akaona kikwazo hakiko kwenye mtambo wa kurushia matangazo. Kiko upande wa pili: wasikilizaji hawana redio. Zilizokuwepo zilikuwa za valvu, zile taa za kioo zilizotumika kabla ya transista, nzito, ghali, zilizokusudiwa sebule yenye umeme. Franklin akaanza kuwabembeleza watengenezaji Uingereza wamtolee redio ya bei nafuu, inayotumia betri kavu na kustahimili joto na unyevu. Ilichukua miaka hadi kampuni ya Ever Ready ikakubali.

Redio yenyewe ilitoka mwaka 1949. Kasha la ile ya majaribio lilikuwa sufuria ya alumini ya inchi 9 isiyo na mpini, na jina la sufuria likaiganda mpaka leo. Ilipakwa rangi ya buluu, ndani ina valvu 4. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri shilingi 25 juu yake. Hiyo betri ilidumu saa 300 hivi: anayesikiliza saa mbili kila jioni angekaa nayo miezi mitano. Katika miezi mitatu ya mwanzo ziliuzwa redio 1,500, na miaka michache iliyofuata zikaingizwa zaidi ya 50,000.

Najua utaulizwa: Franklin si alikuwa Mwingereza, na kiwanda si cha Uingereza? Ni kweli, na usikwepe swali hilo. Mwambie anayeuliza kwamba kiwanda kile kilikuwepo siku zote na hakikuwahi kuwaza kutengeneza kitu cha namna ile mpaka mahitaji ya vijiji vya Zambia yalipowekwa mezani. Halafu mwulize watu walitoa pauni 5, fedha nyingi kwa kibarua wa wakati ule, ili wasikilize nini. Hapo ndipo anapoingia Alick Nkhata, mwanamuziki na mtangazaji wa kituo cha Lusaka. Yeye na wenzake walirekodi nyimbo za watu wa kule na kuzirudisha hewani kwa lugha zao, Kibemba, Kinyanja na nyinginezo. Kabla ya hapo nani aliwahi kusikia kinanda cha kijijini kwake kikipigwa redioni? Bila vipindi vile, sufuria ya Franklin ingekaa dukani ikivuna vumbi.

Kuna jambo jingine ambalo watawala hawakulipanga. Redio ya masafa mafupi haichagui bwana. Kule Colombia, padri José Joaquín Salcedo alianzisha shule za redio katika kijiji cha Sutatenza mwaka 1947, na redio walizogawiwa wakulima ziliwekwa zikamate kituo kimoja tu, cha kwake. Afrika haikuwa hivyo. Mwenye redio alizungusha kitufe akaenda anakotaka, na kuanzia 1954 msikilizaji wa Afrika Mashariki aliweza kuipata Cairo ikimsemesha kwa Kiswahili kuhusu uhuru. BBC ilianza matangazo yake ya Kiswahili mwaka 1957. Transista zilipoenea na redio ikawa ya kubeba mkononi, hakukuwa tena na namna ya kumfungia mtu kituo kimoja.

Sasa nije nyumbani, kwenye mfano ambao mimi nauweka juu ya yote. Inaniuma kuona wanafunzi wa uandishi wa habari wanamaliza chuo bila kuusikia.

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha Mtu ni Afya, kampeni ya elimu ya afya kwa vikundi vya kusikiliza redio. Wazo la kusikiliza redio kwa vikundi halikuanzia kwetu. Wakulima wa Kanada walikuwa na vikundi vya aina hiyo tangu 1941, na India ililijaribu mwaka 1956 katika vijiji 150 vya upande wa Pune kwa msaada wa UNESCO. Sisi tulilichukua na kulikuza kwa kiwango ambacho hakuna aliyekuwa amethubutu. Tulianza kidogo kidogo: 1969 kulikuwa na Kupanga ni Kuchagua, kuhusu mpango wa maendeleo wa miaka mitano, 1970 Uchaguzi ni Wako, 1971 Wakati wa Furaha, kuadhimisha miaka kumi ya uhuru. Kila mara Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilijifunza kitu, hadi ikaona iko tayari kwa jambo kubwa.

Tazama lilivyofanya kazi. Kampeni ilikuwa ya wiki 12. Kabla ya kipindi cha kwanza kwenda hewani, mafunzo yalishushwa ngazi kwa ngazi: kikosi cha taifa kiliwafundisha watu wa mikoa na wilaya, nao wakawafundisha viongozi wa vikundi, makumi ya maelfu. Kila kikundi kilikuwa na kijitabu. Siku ya kipindi watu walikusanyika, shuleni, chini ya mti au nyumbani kwa mmoja wao, redio ikafunguliwa, Radio Tanzania ikazungumza nao kuhusu malaria, kichocho, safura, kuhara damu au kifua kikuu. Kipindi kikiisha, anayejua kusoma aliwasomea wenzake sehemu ya kijitabu kwa sauti. Halafu mjadala: kwetu hapa tatizo hili liko wapi? Nani hana choo? Maji tunachota wapi? Mwisho kikundi kiliamua kazi ya kufanya kabla ya kukutana tena, iwe kuchimba choo, kufyeka majani yaliyozunguka nyumba, kufukia madimbwi au kuchemsha maji ya kunywa.

Walishiriki watu wanaokaribia milioni 2, katika vikundi 75,000 hivi. Vyoo vilichimbwa nchi nzima. Miaka miwili baadaye ikafuata Chakula ni Uhai kwa utaratibu ule ule.

Ukitaka hoja ya kumnyamazisha mpinzani wako, hii hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 UNESCO iliweka kiwango cha chini ambacho nchi ilipaswa kukifikia ili ihesabiwe ina vyombo vya habari vya kutosha: kwa kila watu 100, nakala 10 za gazeti, redio 5, viti 2 vya sinema na televisheni 2. Kwa kipimo hicho, nchi kama yetu ilikuwa jangwa. Sasa piga hesabu ya vikundi vya 1973. Watu milioni 2 ukiwagawa kwa vikundi 75,000 ni kama watu 27 kwa kikundi. Kikundi kikiwa na redio moja, hazifiki redio 4 kwa watu 100, yaani tuko chini ya kiwango, na bado kila mmoja wao amesikia, amejadili na ameshika jembe. Kipimo cha UNESCO kilihesabu vifaa, hakikuwa na mahali pa kuandika kikundi. Kwa maoni yangu, kikundi kile ni teknolojia ya habari kama ilivyo antena. Kilibuniwa, kilijaribiwa, kilirekebishwa, kilikuwa na mwongozo wake wa matumizi, na kilizaa matokeo ambayo redio peke yake isingeyazaa.

Usidanganyike kwamba kila kitu kilikuwa kizuri. Zama zile za chama kimoja ujumbe ulitoka juu kwenda chini, na kikundi kingetaka kujadili kwa nini zahanati haina dawa, kijitabu hakikuwa na ukurasa wa hilo. Tena mawe ya redio yalikuwa gharama ya kweli kwa mwanakijiji, hata baada ya kampuni ya Matsushita ya Japani kuja kutengeneza redio na betri za National hapa Dar es Salaam miaka ya 1960. Anayetaka kuisifu kazi ile aseme na haya.

Wakati sisi tunasikiliza kwa vikundi, India ilikuwa inaitazama anga. Vikram Sarabhai, baba wa mpango wa anga wa nchi ile, alikuwa na wazo ambalo wengi waliliona la ajabu: kuruka hatua ya minara mijini na kuanzia kijijini, televisheni itoke moja kwa moja kwenye satelaiti. Shirika lake lilitia saini makubaliano na NASA mwaka 1969. Yeye alifariki 1971 kabla hajayaona, lakini kuanzia tarehe 1 Agosti 1975 hadi 31 Julai 1976 vijiji 2,400 katika majimbo 6 yaliyo nyuma kimaendeleo vilipokea vipindi vya kilimo, afya na shule kwa saa nne hivi kila siku. Satelaiti ya ATS-6 ilikuwa ya Marekani, kwa mkopo. Vya kupokelea vilikuwa vya India yenyewe, na antena ilikuwa sahani ya mita 3 iliyofumwa kwa waya wa banda la kuku. Waya ule ulitosha kwa sababu masafa yaliyochaguliwa hayakuhitaji sahani nzima ya bati. Tena ni mwepesi, upepo unapita, na kijana wa kijijini akipewa koleo anautengeneza.

Kwa muda wote wa jaribio hilo, satelaiti ilikuwa imetulizwa kwenye nyuzi 35 mashariki juu ya ikweta. Fungua ramani uone palivyo: ni magharibi ya Kenya, jirani na Ziwa Victoria. Chombo kilichokuwa kikifundisha wanakijiji wa Bihar na Rajasthan kilikuwa utosini mwa watu wa kule, kilomita kama 36,000 juu, na wao wenyewe hawakuwa na kituo cha jirani yao hata kimoja.

Walikipata mwaka 1982. Kwa msaada wa UNESCO, kule Homa Bay kando ya ziwa kilifunguliwa kituo kidogo cha FM chenye mtambo wa bei ndogo, wa watu wa pale pale, na wanahistoria wengi wa redio wanakihesabu kuwa redio ya jamii ya kwanza Afrika. Kiufundi swali lilijibiwa: kituo cha wilaya kinawezekana, hakihitaji jumba wala jeshi la mafundi. Serikali ya Kenya ikakifunga mwaka 1984. Kituo kilikuwa kimefunguliwa mwezi Mei 1982, na tarehe 1 Agosti mwaka huo huo wanajeshi wa anga walijaribu kupindua serikali wakianzia kuiteka Sauti ya Kenya, redio ya taifa. Mimi siwezi kuyatenganisha matukio hayo. Mtawala aliyeona jinsi redio moja ilivyotosha kuitikisa nchi hawezi kufurahia kuona redio nyingine wilayani.

Hata India hawakupona. Pamoja na jaribio la satelaiti, walikuwa na mtambo mdogo wa televisheni katika kijiji cha Pij, wilaya ya Kheda, Gujarat. Wanakijiji walishirikishwa kuandaa vipindi, vikiwemo vya kuwasema wakopeshaji na mabwana wa ardhi. UNESCO iliupa mradi huo tuzo mwaka 1984. Haukumaliza miaka mingi baada ya tuzo: wakubwa walitaka televisheni ya taifa ifike kila mahali, na mtambo wa Pij ukang'olewa licha ya wanakijiji kupinga.

Hilo ndilo jibu la swali lako la pili, mbona hatusikii. Ubunifu wetu mwingi haukufa kwa kukosa akili wala fedha. Ulikufa kwa kukosa kibali, na kilichofungwa mapema hakiachi kumbukumbu ya kutosha. Tazama televisheni hapa hapa Tanzania. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwaka 1973, ya kwanza kusini mwa Sahara, wakati Afrika Kusini pamoja na utajiri wake wote ilianza 1976. Bara tukasubiri hadi 1994, baada ya sheria ya utangazaji ya 1993 kuruhusu vituo binafsi. Katikati pana mkondo wa bahari tu, unaovukwa kwa boti. Miaka ile 21 ilitokana na uamuzi wa siasa, wala haihusiani na nani anajua umeme.

Panapokuwa hakuna kibali cha kuombwa, watu wetu hubuni haraka sana. Mabanda ya video ya Dar es Salaam miaka ya 1990 ni ushahidi. Filamu zilikuwa za Kichina, Kihindi na Kimarekani, watazamaji wengi hawaelewi neno. Akatokea Derek Mukandala, tuliyemjua zaidi kwa jina la Lufufu, akaifanya sauti yake kuwa sehemu ya filamu, kama walivyokuwa wakifanya watafsiri wa Uganda. Anashika maikrofoni, anapunguza sauti ya filamu, anaeleza nani ni nani, anatia mafumbo na kuwaonya watazamaji kabla adui hajatokea. Baadaye ikawa ya kurekodi: deki moja inacheza filamu, sauti yake na ya maikrofoni zinakutana kwenye mikisa, yaani mashine ya kuchanganya sauti, deki ya pili inanasa vyote kwenye kanda mpya, na kanda inauzwa mikoani. Vifaa vyote vilikuwa vya dukani. Kazi iliyotoka haikuwahi kuwepo dukani. Hakimiliki za wenye filamu zilivunjwa, na hilo lazima lisemwe, lakini Hollywood nayo haikuwa na mpango wa kumtafsiria mtu wa Manzese. Vijana wa Kenya wanaomtazama DJ Afro wanakula matunda ya mti huo huo.

Mfano wa mwisho ni mfupi kwa kuwa wenzako pengine wanaujua. Januari 2008, Kenya ikiwaka baada ya uchaguzi, Ory Okolloh na wenzake akina Juliana Rotich, David Kobia na Erik Hersman walitengeneza programu ya Ushahidi kwa siku chache. Mtu alituma taarifa kwa SMS ya simu ya kawaida au kwa intaneti, ikaonekana kwenye ramani. Tetemeko lilipoipiga Haiti mwaka 2010, programu hiyo ilitumika kule. Waulize upande wa pili: hapo mteja ni nani?

Kuhusu utafiti wako, usiandike kuhusu mitandao ya kijamii, wanafunzi wenzako nusu wataandika hilo. Watafute viongozi wa vikundi vya Mtu ni Afya. Aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1973 sasa anakaribia 80, kwa hiyo usichelewe. Anza na ukoo wako, uliza wazee wa kanisani na msikitini, nenda Sengerema, Magu, Ukerewe. Pitia pia ofisi za elimu ya watu wazima za wilaya, kwani vijitabu vingine bado vimo makabatini. Usiwaulize kama kampeni ilifanikiwa, watakujibu ndiyo kwa heshima. Uliza redio ilikuwa ya nani, nani alinunua mawe yalipokwisha, wanawake walikaa wapi na nani kati yao alisema, mvua ikinyesha mlikwenda wapi, na lile shimo la choo mlilochimba bado lipo? Kama lipo, omba akupeleke ulione, ulipime, ulipige picha.